Fani Ukutani, Maudhui Sandukuni: Hati za Kale za Kiswahili Mikononi mwa Wakusanyaji

Katika madarasa yetu ya uhakiki tumezoea kuwafundisha wanafunzi kwamba fani na maudhui havitenganiki. Wako waliovilinganisha na pande mbili za sarafu, na wako waliovilinganisha na chai na kikombe, na mjadala huo umejaza kurasa nyingi za majarida kama hili. Mwandishi wa makala haya amewahi kuushiriki kwa moyo wote, bila ya kudhani kwamba ipo siku angemwona mtu aliyevitenganisha viwili hivyo kwa mkasi.

Mkasi huo ulifanya kazi yake katika nyumba moja ya mtaa wa Komarock, mashariki mwa Nairobi. Si mahali ambapo mtu angetazamia kukutana na hati za kale. Nyumba za pale zimejengwa kwa ramani chache zinazojirudia, na sebule zake nazo zinafanana: kabati la ukutani lenye vyombo na televisheni, makochi yaliyofunikwa vitambaa vya kufumwa kwa mkono, na ukutani, ikiwa nyumba ni ya Waislamu, kitambaa cha mahameli nyeusi chenye Ayatul Kursi iliyotiwa rangi ya dhahabu kiwandani. Vitambaa kama hivyo huuzwa kwa wingi Eastleigh. Hatusemi hivi kwa dharau. Mahameli ile inafanya kazi iliyokusudiwa, na hakuna kitabu kilichokatwa ili ipatikane.

Jirani yetu mmoja, mama wa makamo makubwa mwenye asili ya kisiwa cha Pate, anacho kitabu kilichoandikwa kwa mkono ambacho kilikuwa cha babu yake. Hukiweka sandukuni, ndani ya kipande cha kanga. Ni utenzi wa dini kwa Kiswahili cha kaskazini, ulioandikwa kwa herufi za Kiarabu, na kwa kadiri ya macho yetu karatasi zake ni za viwanda vya mwanzoni mwa karne ya ishirini. Si johari ya kuzungumzwa katika minada ya London. Alitukabidhi tukisome, akitaka kujua kinasema nini, kwani yeye alifundishwa kusoma Kurani lakini tendi alizipata kwa kusikia. Tulipokifungua tuliona kwamba karatasi mbili za mwanzo hazimo, na ya mwisho kabisa haimo. Hazikuchanika. Zimekatwa kando ya mshono, mkato ulionyooka.

Maelezo aliyotupa ni haya. Kijana mmoja wa ukoo alikiazima akisema anataka kukipiga picha. Alipokirudisha alikiri kwamba amezitoa zile karatasi "zenye maua" na kuziuza kwa muuzaji wa vitu vya kale mjini, ambaye alizitia katika fremu. Akamtuliza shangazi yake kwamba hakuna kilichopotea, maneno yote yamo. Mama yule alitueleza hayo bila hasira, kisha akaongeza jambo ambalo ndilo lililozaa makala haya: "Mwalimu, yule aliyenunua hakuuliza hata yameandikwa nini. Wewe nawe hujauliza rangi zake zilikuwa zipi."

Tukiri kwamba hatukuuliza. Na hapo ndipo penye hoja yetu. Mkusanyaji wa sanaa ya Kiislamu na mhariri wa fasihi ya Kiswahili wameifanyia hati ya kale jambo moja, kila mmoja kutoka upande wake. Mkusanyaji amechukua nakshi na kuacha maneno. Sisi tumechukua maneno na kuacha nakshi, na kwa kuwa mkasi wetu hauonekani tumejihesabu kuwa wasomi.

Tuanze na nakshi yenyewe, kwa sababu yako makosa ya kuidhani kuwa pambo tu. Siyu, katika kisiwa hicho hicho cha Pate, ulikuwa katika karne ya kumi na nane na kumi na tisa mji wa wanazuoni na mafundi wa vitabu. Misahafu iliyonakiliwa huko inatambulika: kurasa zake za ufunguzi zina fremu za majani yanayojisokota na maumbo ya kijiometri, kwa wino mweusi, mwekundu na rangi ya manjano pale ambapo mafundi wa Istanbul au Tabriz wangeweka dhahabu. Karatasi nyingi zilitoka Italia. Ukiinua ukurasa mwangani utaona alama ya miezi mitatu michanga ya watengenezaji wake. Msahafu mmoja wa Siyu umehifadhiwa Lamu, mwingine uko katika Jumba la Makumbusho la Fowler la Chuo Kikuu cha California, Los Angeles. Zulfikar Hirji amezichunguza hati hizi kwa kina, na kabla yake James de Vere Allen alikuwa ameandika juu ya utengenezaji wa vitabu vya Waswahili mwaka 1981. Mtu aliyezoea milango ya Lamu na kuta zake za chokaa iliyochongwa hatashindwa kuona undugu wa mkono.

Nakshi hizo hufanya kazi. Duara dogo baada ya aya humwambia msomaji mahali pa kutua. Ua la pambizoni humwonyesha kwamba juzuu imeanza, au nusu yake, au robo, ili msomaji wa Ramadhani ajue amefika wapi na amebakiza nini. Fremu nzito ya mwanzo ni kama kizingiti cha mlango: humtaka anayeingia avue viatu. Ni mfumo wa alama za usomaji, sawa na mizani na vina katika ushairi, vitu ambavyo hakuna mhakiki angethubutu kuviita pambo.

Katika hati za tendi jambo hili linatuhusu zaidi. Tunawafundisha wanafunzi kwamba ubeti wa utenzi una mishororo minne mifupi. Hivyo ndivyo vitabu vilivyopigwa chapa kwa herufi za Kirumi vinavyouonyesha. Lakini katika hati nyingi za kale ubeti mzima umekaa katika msitari mmoja mrefu, kutoka kulia kwenda kushoto, na vipande vyake vinne vimetengwa kwa alama ndogo, aghalabu za wino mwekundu. Kipande cha nne, chenye kina kile kinachofunga utenzi wote tangu mwanzo hadi mwisho, huangukia ukingo wa kushoto. Macho yakishuka ukingo huo huona herufi zile zile zimepangana kama nguzo, ubeti baada ya ubeti, ukurasa baada ya ukurasa. Kina cha bahari ambacho mwanafunzi wa leo hulazimika kukitafuta kwa kidole, msomaji wa Pate alikiona kabla hajasoma neno moja. Umbo la utenzi lilikuwa pia umbo la jicho.

Hapo hapo pana jambo jingine ambalo wahariri wamelipita upesi. Katika mwandiko wa jadi irabu i na e hubeba alama moja, na u na o vivyo hivyo. Sauti kadhaa za Kibantu hazina herufi yake maalumu. Mwalimu Sikujua wa Mombasa, aliyemsaidia W. E. Taylor kukusanya tungo za Muyaka katika miaka ya 1880, alikuwa miongoni mwa waliohangaika na tatizo hilo. Wengi wameliita upungufu wa herufi za Kiarabu. Tunaona kwamba lilikuwa pia sharti la usomaji: hati haikumpa maneno mtu asiyeyajua. Ilimkumbusha yule aliyekwisha kusikia utenzi ukiimbwa. Kwa hiyo ukurasa ule uliopambwa haukuwa picha, wala haukuwa kitabu kwa maana yetu ya leo. Ulikuwa nusu ya tendo ambalo nusu yake nyingine ilikuwa sauti.

Sasa tuje kwa wanunuzi. Itakuwa rahisi mno kuwalaani, na haki haitaki hivyo. Tumtazame Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyezaliwa yapata mwaka 1855 na kufariki mwaka 1945: mshairi, mwanamuziki, mchonga mbao na mwandishi wa khati nzuri. Alice Werner, William Hichens na Ernst Dammann, ambaye alifika Lamu mwaka 1936, walimwagiza hati naye akawanakilia kwa ujira. Sehemu kubwa ya yale tunayoyajua ya tendi za kaskazini yamepitia mkononi mwake, na yamehifadhiwa London na Ujerumani kwa sababu palikuwa na mtu aliyekuwa tayari kuyalipia. Mohamed Abou Egl alimtungia tasnifu nzima katika Chuo Kikuu cha London mwaka 1983, na Gudrun Miehe na Clarissa Vierke wakatoa kitabu juu yake mwaka 2010. Bila ya soko la Wazungu wenye kukusanya, silabasi zetu zingekuwa nyembamba.

Lakini tuangalie ni biashara ya namna gani. Hichens na wenzake walinunua kitabu kizima, wakataka maneno, wakamwandikia Kijuma barua kumwuliza maana. Naye alijua kwamba anamwandikia msomaji asiyekuwa wa Lamu, na hatuoni kwa nini ujuzi huo usihesabiwe katika kuzihakiki hati zake kama tunavyohesabu hadhira tunapohakiki tamthilia. Mnakili anayempangia mgeni ukurasa, anayempigia mistari na kumtengea vipande kwa alama za wazi, ni mfasiri kabla ya mfasiri. Wahakiki wetu wamemshughulikia Kijuma mtunzi. Kijuma mpangaji wa ukurasa bado anangoja zamu yake katika madarasa yetu.

Biashara ya karatasi mojamoja ni jambo jingine kabisa, na ina historia mbaya nje ya pwani yetu. Mfano unaojulikana sana ni Shahnama ya Shah Tahmasp, iliyotengenezwa Tabriz kuanzia miaka ya 1520, yenye picha 258. Mmarekani Arthur Houghton aliinunua mwaka 1959 na kuivunja. Picha 78 zikaenda Makumbusho ya Metropolitan ya New York, nyingine zikauzwa kidogo kidogo, na zilizobaki, 118, zilirejea Iran mwaka 1994 baada ya kubadilishwa na mchoro mmoja wa Willem de Kooning. Mwaka 2011 karatasi moja ya kitabu hicho iliuzwa katika mnada wa Sotheby's jijini London kwa pauni zaidi ya milioni 7.4. Bei hiyo imelipiwa picha. Beti za Firdausi zilizomo katika karatasi hiyo zilikwenda pamoja nayo kama kamba inavyokwenda na mbuzi.

Sisemi kwamba karatasi za Komarock zina thamani hiyo, wala elfu moja yake. Kanuni ndiyo ile ile: karatasi moja moja huleta fedha nyingi kuliko kitabu, kwa kuwa kitabu kina ukuta mmoja tu wa kutundikwa, nacho kikitundikwa hakisomeki.

Na sheria yetu? Sheria ya Makumbusho na Turathi za Taifa ya Kenya ya mwaka 2006 ilifuata tafsiri ya sheria iliyoitangulia, kwamba kitu cha kale ni kitu kinachohamishika, kisichokuwa kitabu wala hati, kilichotengenezwa au kuletwa nchini kabla ya mwaka 1895. Msomaji arudie maneno yale ya katikati: kisichokuwa kitabu wala hati. Sheria hiyo hiyo imeutaja mlango au fremu ya mlango iliyochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya mwaka 1946 kuwa kitu cha kulindwa. Bila shaka watunga sheria waliona kwamba nyaraka zina idara yake. Hata hivyo matokeo yake kwa mtu kama Kijuma yanachekesha na kuliza. Alichonga milango na aliandika vitabu, kwa mkono mmoja, na wakati mwingine kwa ua moja. Ua lake likiwa katika mti wa mlango, kitu cha kulindwa. Likiwa katika karatasi, halimo katika maana ya kitu cha kale.

Baadhi ya vitabu vyenyewe vilijaribu kujilinda. Katika hati za pwani si ajabu kukuta maandishi kwamba kitabu hiki ni wakfu, hakiuzwi wala hakirithiwi. Mwenye kuandika maneno hayo alijua wanunuzi wapo. Alichokosea ni kudhani kwamba mnunuzi atakuwa mtu anayesoma.

Turudi upande wetu, maana hapo ndipo lawama inapouma. Mwandishi wa makala haya, alipokuwa mwanafunzi wa shahada ya uzamili, alipewa nakala ya filamu ya utenzi mmoja aiandike kwa herufi za Kirumi. Aliandika beti zote, akahesabu mizani, akarekebisha pale alipoona mnakili "amekosea". Maneno ya mwisho, yale ambayo mnakili hutaja jina lake, jina la aliyemwagiza, siku na mwezi wa Hijria, na kumwomba msomaji amsamehe makosa na amwombee dua, aliyaacha kwa kuwa hayakuwa sehemu ya utenzi. Alama za pambizoni hakuzitaja. Kazi ilipewa alama za juu. Leo, akiisoma tena, haoni tofauti kubwa kati yake na yule kijana aliyemwambia shangazi yake kwamba maneno yote yamo.

Hatukuwa peke yetu. Mapokeo yote ya uhariri wa tendi tuliyoyarithi yaliujenga ubeti upya katika sura ya kitabu cha shule. Hatukatai kwamba yalituletea wasomaji. J. W. T. Allen, ambaye hati alizozikusanya zimehifadhiwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kuorodheshwa kwa chapa mwaka 1970, aliwafikishia maelfu ya wanafunzi tendi ambazo wasingeziona. Lakini orodha ya hati na hati ni vitu viwili, na mwanafunzi anayemaliza shahada ya Kiswahili leo anaweza kuzitaja tendi kumi bila ya kuwahi kuona sura ya hata mmoja. Ajabu ni kwamba dawa haiko mbali. Hati za Msikiti wa Riyadha, Lamu, zimepigwa picha chini ya mradi wa Maktaba ya Uingereza wa kuhifadhi nyaraka zilizo hatarini, kazi iliyoongozwa na Anne Bang, jalada hadi jalada, pambizo na kurasa tupu zikiwemo. Na hati zenyewe zimebaki Lamu. Maonyesho ya sanaa za Waswahili yaliyoandaliwa na Prita Meier na Allyson Purpura, yakafunguliwa Illinois mwaka 2017 na kupelekwa Washington mwaka uliofuata, yaliweka vitabu pamoja na viti vya enzi, vito na milango. Wanahistoria wa sanaa wamekuja hadi mlangoni kwetu. Sisi wa idara za fasihi bado tunawauliza wanataka nini, ilhali katika Kiswahili cha kale neno chuo lilikuwa na maana ya kitabu.

Mama yule wa Komarock alituuliza kama apaswa kuuza kilichobaki. Dalali amekwisha kuja mara mbili. Anasema bila ya maua bei ni ndogo, ila anaweza kukichukua. Tulimshauri asiuze, kisha tukaona aibu, kwa kuwa ushauri wa mtu asiyetoa shilingi ni mwepesi. Tulichoweza kumfanyia ni kidogo. Tulizihesabu karatasi na kuziandika nambari kwa penseli laini pembeni. Tulimwandikia beti zilizobaki kwa herufi kubwa za Kirumi, msitari mmoja kwa kila ubeti, vipande vimetengwa kwa kalamu nyekundu, na mjukuu wake amekuwa akimsomea jioni. Kwenye bomba la tatu au la nne yeye humkatiza na kumaliza ubeti mwenyewe.

Tukauliza rangi. Nyekundu, alisema, na manjano iliyokuwa kama ya bizari, na katikati ya fremu jina la Mungu lilikuwa jeusi. Karatasi ya mwisho haikuwa na rangi. Kijana aliikata kwa sababu maneno yake yalipangwa kwa umbo la pembetatu, mistari ikipungua hadi neno moja chini, kama ilivyokuwa desturi ya wanakili wengi kufunga kitabu. Yaani jina la mwandishi limeuzwa kwa kuwa liliandikwa vizuri.

Limebaki jambo moja. Wanakili wa zamani, ili karatasi zisichanganyike kabla ya kushonwa, waliandika chini ya ukurasa, pembeni, neno la kwanza la ukurasa unaofuata. Katika ukurasa wa mwisho uliosalia sandukuni neno hilo lipo, dogo, limeinama kidogo: "mwenye". Karatasi iliyopotea inaanza na neno hilo, kwa mkono huo huo na wino huo huo, ndani ya fremu, ukutani kwa mtu. Tumelipiga picha neno hilo na kulipeleka pamoja na vipimo vya karatasi kwa wenzetu wa Lamu na Mombasa, na yeyote katika wasomaji wa jarida hili atakayeona pembetatu ya maneno inayoanza hivyo, imetundikwa sebuleni au dukani, aandike kwa mhariri.